Kwanza sukuma maji matupu

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kupanga molekuli ziwe tabaka moja juu ya maji, nadharia utaipata vitabuni. Mimi nakusihi uanze na usafi, maana uchafu ulinipotezea wiki mbili.

Piga hesabu mwenyewe. Molekuli ya asidi ya steariki, aina ya asidi ya mafuta, ikisimama wima, kichwa majini na mkia hewani, huchukua takribani nanomita 0.2 za mraba. Kwa hiyo mikrogramu 1 tu hutanda kwenye sentimita 4 za mraba za maji. Sasa fikiria kidole chenye mafuta kikigusa ukingo wa beseni. Mimi nilijipaka losheni asubuhi, nikashika kizuizi, yaani ule upau unaosukuma molekuli juu ya maji, bila glovu. Shinikizo la uso, yaani kiasi ambacho molekuli hupunguza mvutano wa uso wa maji, likaanza kupanda mapema, wakati molekuli zilitakiwa ziwe bado mbalimbali, nami nikaamini nimegundua awamu mpya, yaani mpangilio mpya wa molekuli. Niliumia sana nilipojua ukweli.

Tangu hapo nafuta beseni la Teflon na vizuizi kwa klorofomu, penye kifyonza mvuke, na glovu iliyodondokewa naibadilisha papo hapo kwa kuwa klorofomu hupenya haraka. Najaza maji yaliyosafishwa kabisa mpaka yavimbe juu ya ukingo, kisha navisogeza vizuizi bila kuweka kitu chochote. Shinikizo likizidi milinyutoni 0.2 kwa mita, nafyonza uso wa maji kwa pipeti iliyounganishwa na pampu, narudia. Siku nyingine narudia mara tano. Usione uvivu hapa.

Agnes Pockels alilijua hili jikoni kwake, Braunschweig, Ujerumani: alifagia uso wa maji kwa ukanda wa bati kabla ya kupima. Barua yake kwa mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh ilichapishwa mwaka 1891, miaka mingi kabla mkemia Mmarekani Langmuir hajapata Nobeli ya 1932 kwa utafiti wa nyuso kama hizi. Hakuwa na maabara wala shahada.

Kudondosha asidi iliyoyeyushwa kwenye klorofomu ni kazi nyepesi zaidi. Ncha ya sindano iwe karibu mno na maji, matone yawe madogo, kisha subiri dakika 10 hadi 15 klorofomu iishe kuruka. Mikrolita 50 za myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita hufunika takribani sentimita 212 za mraba molekuli zikibanana. Beseni lako liwe pana kuliko hapo, zianze zikiwa na nafasi. Sukuma vizuizi polepole.

Na ile grafu ya shinikizo uliyoipata kwa kusukuma maji matupu ihifadhi kila asubuhi, yenye tarehe, pamoja na grafu za siku hiyo.