Taharuki haiji kwa kuficha kila kitu
Je, ukitaka taharuki, yaani hamu ya kujua kitakachofuata, umfiche msomaji kila kitu? Hapana, kumficha kila kitu hakuleti taharuki. Anayejua kidogo tu husubiri. Asiyejua chochote hana cha kusubiri. Ndiyo maana taswira, yaani picha inayochorwa kwa maneno, ina kazi kubwa kwenye hadithi fupi ya fumbo: vikombe viwili mezani, kimoja bado kinafuka moshi, na mwenye nyumba anaapa yuko peke yake. Kidokezo kimeshatolewa hapo, wala hujaandika "kuna mtu amejificha". Kichomeke katikati ya vitu vya kawaida, kisha hamia jambo jingine upesi, kwa sababu kikikaa mwisho wa aya kinajianika. Kosa la kawaida ni kurundika tashbihi (ulinganisho wa "kama" au "mithili ya") pale mlango uliosubiriwa unapofunguka. Pale sentensi ziwe fupi. Maelezo marefu huizima taharuki yenyewe.