Eneo la Mistatili Inayopandana

SWALI: Ndugu Mhariri, programu yangu hujumlisha maeneo ya mistatili, lakini sehemu zilizopandana huhesabiwa mara mbili. Nifanyeje?

JIBU: Kutoa makutano ya kila jozi hakutoshi pale mistatili mitatu inapokutana mahali pamoja. Ni afadhali upitishe mstari wima kutoka kushoto kwenda kulia, ukisimama kwenye kingo za wima tu, kisha uzidishe upana wa kila ukanda kwa kimo kilichofunikwa. Chukua mstatili wa (0,0) hadi (4,3) na mwingine wa (2,1) hadi (6,4): kanda tatu zenye upana wa 2 zina vimo vya 3, 4 na 3, hivyo eneo ni 20, wala si 24. Mistatili ikifika maelfu, vimo vitunzwe katika mti wa vipande (muundo wa data unaohifadhi vipande vya mstari na kusasisha haraka urefu uliofunikwa), aliouonyesha mwanasayansi wa kompyuta Jon Bentley mwaka 1977.