Si managu yaliyoniponya

Mama,

Najua hupendi nikuite hivyo mbele ya wenzako, lakini jina unalolibeba ni la mama yangu, na mimi nimeshazeeka nalo mdomoni.

Ile sauti uliyonitumia kwa WhatsApp Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema daktari hapo Nakuru amekuandikia vidonge vya sonona, ule msongo mzito wa mawazo, na umevimeza wiki tatu sasa. Unasema pia kuna dada mmoja wa chama chenu anayeuza lishe kamilifu, ameshakuambia kwamba mwili ukilishwa vizuri hujitibu wenyewe, mawazo na yote. Uache vidonge, uchukue mpango wake wa siku 40 na mikebe miwili ya unga, kila mkebe shilingi 4,500. Halafu ukamalizia: "Baba, si wewe mwenyewe chakula kilikuponya? Kwa nini kwangu kishindwe?"

Hapo ndipo nilipoweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Hadithi unayoijua ni ya shangazi yako. Ameisimulia kila Krismasi: jinsi kaka yake alivyokuwa amekwisha, anaongea na ukuta, mpaka yeye alipomrudisha kwenye managu na mrenda, mboga zetu za kienyeji, na kabla mahindi hayajavunwa akawa mtu tena. Watu hucheka, mimi nacheka nao. Sijawahi kumsahihisha hata siku moja. Kosa ni langu, maana sasa hadithi hiyo imefika Nakuru na inataka kukutupisha dawa.

Ilikuwa hivi. Mama yenu alipotuacha mwaka 2016, mimi kupika kwangu kulikuwa kuchemsha chai. Basi nikaishi kwa chai. Asubuhi chai na mkate, jioni chai na mkate, katikati hakuna kitu. Nilikula nimesimama mlangoni, nikitazama barabara, kwa sababu mezani palikuwa na kiti chake. Samaki niliacha. Nyama niliacha. Mayai niliuza. Hata maziwa kwenye chai yalikuwa ya kubadilisha rangi tu. Na miaka yote hiyo nilikuwa nameza dawa yangu ya sukari, metformini, niliyoanza 2009, asubuhi na jioni, bila kuruka.

Mwaka 2018 miguu ikaanza kufa ganzi. Nikitembea kwenda soko la Luanda nilihisi kama nimevaa soksi mbili mbili. Nikaunguza birika, nikanunua jingine, nikaliunguza nalo. Siku ya ibada ya ukumbusho ya mama yenu, dada yake alikaa mbele yangu nami nikashindwa kulitaja jina lake. Usingizi hauji, na ukija hauondoki. Kuna asubuhi nililala nikihesabu misumari ya bati mpaka saa tano. Kliniki moja ya sokoni ikaniambia ni uzee, ikaniuzia chupa ya vitamini za rangi. Jirani akasema nimetupiwa kitu. Nyinyi watoto mkasema ni msiba, na mlikuwa na haki.

Aliyeuliza swali la maana ni daktari kijana wa hospitali ya kaunti, mtoto ambaye ningeweza kumfundisha darasa la nne. Hakuanza na miguu. Aliuliza: "Mzee, jana ulikula nini?" Nikamwambia. "Na juzi?" Nikamwambia yaleyale. Akaandika, akauliza dawa ya sukari nimetumia kwa miaka mingapi, halafu akanituma maabara.

Kumbe nilikuwa nimeishiwa na vitamini B12. Mishipa ya fahamu haifanyi kazi vizuri bila hiyo, na ikipungua sana mtu huchoka, miguu hufa ganzi, husahau, na moyo huingia giza. Ini huweka akiba yake ya miaka, ndiyo maana mtu hagundui mapema. Metformini ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza kiasi ambacho matumbo hufyonza, nami kwa upande wangu nilikuwa nimefunga mlango kwa kuacha kila chakula kinachoileta. Ndoo inatoboka chini, na juu hakuna anayemimina.

Sasa tazama hadithi ya shangazi yako inapovunjika. Managu hayana B12. Mrenda hauna, kunde hazina, saga haina, hata ungekula sufuria nzima. Hiyo iko kwenye samaki, nyama, maini, mayai na maziwa. Tukitaka kuwa wakarimu, labda tuyasifu yale maziwa tunayotia kwenye managu usiku ili uchungu utoke. Nilichopata mimi ni sindano, dawa nyekundu kama ule wino niliokuwa nikisahihishia madaftari, nyingi mwanzoni, kisha moja kila baada ya miezi kadhaa. Ganzi ilianza kupungua kabla ya mboga ya kwanza kuiva kwenye sufuria yangu.

Na huyo daktari hakuniambia niache dawa ya sukari, ingawa ndiyo iliyochangia. Nilimwuliza mwenyewe, nikiwa na hasira nayo. Akasema sukari yangu bado ipo, dawa ibaki, pengo lizibwe. Hilo nalitaja kwa sababu yako.

Kuna jingine ambalo sikuwaambia. Hospitali hiyohiyo nilikaa na mshauri nasaha mara tano, chumba cha mwisho kwenye kile korido kirefu. Niliwaambia naenda kupima sukari. Mzee mzima, mwalimu mstaafu, kulia mbele ya msichana wa miaka thelathini. Niliona ni afadhali watu waseme niliponywa na mboga. Ndiyo maana nilimwacha shangazi yako aendelee kusimulia.

Lakini simnyang'anyi sifa yote. Alifanya jambo moja la akili sana. Hakuniletea chakula. Aliniletea mjukuu wake, yule mtundu, akasema atakuwa anakula chakula cha jioni kwangu kwa sababu kwao mwalimu hayupo wa kumwangalizia kazi ya shule. Huwezi kumpa mtoto wa shule chai na mkate mkavu kila jioni. Nikalazimika kujifunza. Omena niliiloweka kwenye maji ya moto, nikaisugua kwa vidole mpaka mchanga ukatulia chini, nikaikaanga kwa mafuta kidogo mpaka vichwa vikaanza kulia kwenye karai, ndipo kitunguu na nyanya. Ya kwanza iliungua. Mtoto akaila, akasema, "Guka, ni tamu lakini ni chungu." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa nikakuta nimekaa kwenye kile kiti.

Basi sasa wewe. Ninavyojua (mdogo wako amenisemea, usimgombeze) unatoka zamu ya usiku hapo hotelini saa moja asubuhi, umekunywa vikombe vinne vya chai, unajitupa kitandani, unaamka saa tisa na kula chipsi za kibandani. Na unatafuna odowa, yale mawe ya akina mama wajawazito, na wewe si mjamzito. Hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuyazuia yasiingie mwilini. Chai nayo ikinywewa pamoja na chakula hufanya hivyohivyo. Ukirudi kwa daktari, mwambie kuhusu odowa, usione haya, na umwombe apime damu na ile tezi ya shingoni. Damu ikipungua au tezi ikilegea, mtu huchoka na kukata tamaa akadhani ni moyo wake tu. Inawezekana visiwe hivyo. Inawezekana iwe vyote pamoja na mawazo, kama ilivyokuwa kwangu.

Vidonge usiviache. Mara nyingi huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na wiki tatu ni mapema kuvihukumu. Ukivikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi, kisha useme ugonjwa umerudi. Kama vinakuchafua tumbo au unaona havikufai, anayebadilisha ni yule aliyeandika, polepole. Na kama kuna siku giza litazidi, ukaona bora usiwepo, hilo si la kungoja miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo na unipigie njiani.

Huyo dada wa chama simchukii. Umenitumia picha ya lebo: mlonge, mbegu za maboga, tangawizi. Ni vyakula vizuri. Mlonge ni mboga kama mboga nyingine, tena unaota hata kwenye ua. Ila eti unga huo "unasafisha sumu": kazi hiyo ini na figo huifanya usiku na mchana na hazijawahi kudai mkebe. Na yapo mitishamba yanayogombana na dawa za mawazo, kwa hiyo kabla hujalamba kijiko, mwonyeshe daktari hiyo lebo.

Nisikudanganye kwa upande mwingine, nikasema chakula hakina kazi kwenye mawazo. Kinayo. Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Profesa Felice Jacka walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona ambao walikuwa wanakula vibaya. Kundi moja lilionana na mtaalamu wa lishe kwa wiki 12: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde na maharagwe, samaki, njugu na mafuta ya zeituni; soda, vitamu, vya kukaanga na soseji vikapunguzwa. Kundi la pili lilipewa mtu wa kupiga naye gumzo. Mwishoni karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye ugonjwa. Kundi la gumzo, kama 8 katika kila mia. Mpelekee huyo dada, atafurahi. Kisha mwambie wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu, dawa au ushauri, na chakula kikaongezwa juu yake. Tena watu 67 ni darasa moja na kidogo la shule niliyofundisha. Ni mwanzo mzuri, bado si jambo la kuapia.

Mafuta ya zeituni achana nayo. Mengine yote yamo sokoni hapo Nakuru bila mkebe. Omena unaila na mifupa yake, kwa hiyo unapata kalisi ambayo minofu ya samaki haikupi. Maharagwe, ndengu, njugu. Managu na saga, ambazo Profesa Mary Abukutsa-Onyango amezitafiti miaka mingi tangu watu walipokuwa wakiziita chakula cha maskini. Nyanyako angecheka sana kusikia zina profesa. Osha kabla ya kukata, usipike mpaka zipoteze rangi, kamulia limau ili chuma kiingie vizuri. Magadi tia kidogo au usitie kabisa, maana huua vitamini C. Ukitoka zamu kula kitu kabla ya kulala, hata bakuli la uji. Chai ya mwisho iwe saa sita za usiku, si alfajiri. Na mara mbili kwa wiki kula na mtu. Simjui ni nani, wewe unajua.

Ijumaa naweka mzigo kwenye matatu ya asubuhi, nitakutumia namba ya dereva. Kuna gorogoro ya omena, nimeshaiosha na kuianika upya, usije ukasema ina mchanga. Kuna unga wa wimbi: koroga na maji, funika, uache siku mbili pahali penye joto mpaka uchachuke, ndipo upike uji. Ukichachuka, madini yake hufunguka na tumbo huyapata kwa urahisi. Managu hayafiki Nakuru yakiwa na heshima, hayo utanunua huko.

Unga nimeuweka kwenye ule mkebe wa bluu wa mama yako, wenye mwandiko wake kwenye kifuniko. Ukiisha, unirudishie mkebe.

Nipigie ukitoka kwa daktari, uniambie damu imesoma ngapi.

Baba yako