Asidi kali ikitiwa maji, bado ni kali?

SWALI: Mwalimu, nafundisha kidato cha pili hapa Buruburu na pia ndimi mlezi wa chama cha Kiswahili. Katika insha kuhusu asidi na besi, mwanafunzi mmoja aliandika: "Asidi kali ikichanganywa na maji mengi hubaki kali." Mwenzake alimpinga vikali. Nimsahihishe nani?

JIBU: Kikemia, wa kwanza yuko sawa. Kilichomponza mwenzake ni hilo neno kali, ambalo tumelitwika mizigo mingi: jua kali, pilipili kali, mbwa mkali, hata limau tunaliita kali ilhali lugha ina neno zuri, ugwadu.

Msomaji wa kawaida akiona "asidi kali" huwaza ile inayounguza ngozi. Mwanakemia huuliza jambo jingine: ikiingia majini, ni molekuli ngapi zinazovunjika na kutoa ioni za hidrojeni, yaani chembe zenye chaji ya umeme? Za asidi hidrokloriki huvunjika karibu zote. Za asidi asetiki, ile iliyomo kwenye siki, huvunjika chache sana. Ndiyo maana, zikiwa na moli 0.1 kwa lita kila moja (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), ya kwanza huwa na pH 1 na ya pili karibu 2.9; pH ni kipimo cha ioni hizo, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo namba inavyokuwa ndogo. Sasa izidishie maji ile ya kwanza hadi ujazo wake uwe mara 100. pH yake inapanda hadi 3, inakaribiana na ya mwenzake, lakini molekuli zake bado zimevunjika karibu zote. Maji yameipunguzia wingi, si tabia.

Basi mimi hutenga jozi mbili. Kwa tabia: asidi yenye nguvu na asidi dhaifu. Kwa wingi: asidi iliyokolea na asidi iliyozimuliwa. Kukolea kila mpika chai anakujua. Kuzimua, yaani kutia maji ili kupunguza ukolevu, Nairobi hukusikii sana, ila kwa wanywaji wachache, ambao kwao ni kunywa kidogo asubuhi kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. "Hafifu" naliepuka kabisa. Huyu hulitumia kwa dhaifu, yule kwa iliyozimuliwa.

Asidi ya betri ya gari, ambayo mafundi wa magari wa Grogan, Nairobi, huiita asidi tu na magazeti huiita tindikali, ni salfuriki: ina nguvu, lakini imezimuliwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Na bado hutoboa suruali. Kwa besi mambo ni yaleyale. Hidroksidi ya sodiamu ina nguvu, amonia ni dhaifu.

Kalamu yangu nyekundu ningeipeleka kwenye "ikichanganywa". Haisemi kipi kinaingia ndani ya kipi. Mwambie aandike "ikimiminwa kidogo kidogo ndani ya maji", kwa sababu maji yakimwagwa juu ya salfuriki iliyokolea huchemka papo hapo na kumrukia aliyeyamwaga.