Dirisha jeupe pe, chumba giza: nitumie programu gani ya bure?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga picha za vyumba vya nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Nikipima mwanga wa ndani, dirisha linatoka jeupe pe. Nikipima wa nje, bahari inaonekana vizuri lakini kitanda kinapotelea gizani. Nimeambiwa dawa yake ni HDR, yaani kuunganisha picha kadhaa za mwangaza tofauti, ila programu ninazotajiwa zote ni za kulipia kwa dola. Nilipakua moja iliyoandikwa bure, ikanigongea chapa yake katikati ya picha. Ya bure kweli ipo? Kompyuta yangu ni ya Windows, RAM GB 4.

Jibu: Marahaba. Zipo, tena nzuri. Hiyo iliyokugongea chapa ilikuwa ya majaribio tu, ukitaka chapa iondoke unalipa. Wewe tafuta programu huria: msimbo wake uko wazi, hutozwi leo wala kesho, na ukimuuzia mteja picha hakuna atakayekudai. Ipakue kwenye tovuti ya mradi wenyewe. Zile tovuti zinazokusanya programu za kila aina ziache, maana nyingi hukupachikia na vitu ambavyo hukuviomba.

Kwanza tuone kamera yako inashindwa wapi. Jua la adhuhuri hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Chumba cha kuta nene za mawe na chokaa, chenye dirisha moja, kinaweza kuwa na laksi 100 tu. Nje kuna mwanga mara elfu moja ya ndani, yaani stopu kumi (kila stopu moja huzidisha mwanga mara mbili), na hapo bado hujahesabu kivuli cha uvunguni. JPEG moja haibebi yote hayo. Ndiyo maana tunapiga picha tatu za mwangaza tofauti na kuziunganisha.

Kuna njia mbili za kuunganisha, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni HDR yenyewe: programu inakokotoa mwanga halisi wa kila nukta, inatengeneza faili kubwa, kisha inaubana mwanga huo uenee kwenye skrini. Ya pili haitengenezi faili hilo kabisa. Inachukua dirisha kutoka picha ya giza, kitanda kutoka picha ya mwanga, na kuvishona taratibu. Mbinu hii ilielezwa mwaka 2007 na Mertens, Kautz na Van Reeth, na kwa picha za vyumba ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Mgeni anataka kuona chumba atakacholala, na njia ya pili inampa rangi za kuaminika.

Kwa hiyo sakinisha Hugin. Inajulikana zaidi kwa kuunga picha za mandhari pana, lakini ndani yake zimo programu mbili ndogo unazozihitaji: align_image_stack, inayozipanga picha zilale sawasawa, na enfuse, inayozishona. Kwenye Windows utazikuta katika folda ya bin ndani ya folda ya Hugin. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), nenda kwenye folda ya picha zako, uandike:

align_image_stack -a sawa_ giza.jpg kati.jpg mwanga.jpg

enfuse -o chumba.tif sawa_0000.tif sawa_0001.tif sawa_0002.tif

Windows ikisema haiitambui amri, andika njia kamili ya kufika kwenye hiyo folda ya bin. Usiogope kuandika amri. Ukishazizoea utamaliza vyumba kumi huku mwenzako bado anavuta vitufe vya chumba cha kwanza.

Ukitaka HDR yenyewe, chukua Luminance HDR, ambayo zamani iliitwa Qtpfsgui. Ina njia nyingi za kubana mwanga. Fattal na Mantiuk '06 huchimbua kila mkwaruzo wa ukuta, lakini ukizidisha, chungulia pembezoni mwa fremu ya dirisha: utaona ukanda wa kijivu kama moshi, na chokaa nyeupe inaonekana chafu. Mwenye nyumba hatakushukuru. Reinhard '02 imetulia zaidi, anza nayo. Ila angalia RAM yako. Picha ya megapikseli 24 katika mfumo huu inakula MB 288, na tatu ni MB 864 kabla kazi haijaanza. Zipunguze kwanza hadi upana wa pikseli 3000, zinazotosha kabisa kwa matangazo ya mtandaoni, kila moja itashuka hadi MB 72.

Kama unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, programu ya darktable nayo inaunganisha faili hizo kuwa faili ghafi moja la aina ya DNG. Lakini yenyewe haizipangi picha, kwa hiyo stendi ikitikisika kidogo tu, kazi imeharibika.

Hapo kwenye stendi ndipo penye kazi yenyewe. Kamera iwe kwenye stendi, ISO 100, tundu la lenzi lisiguswe; badilisha kasi ya shata peke yake, stopu mbili chini, katikati, stopu mbili juu. Mizani ya weupe usiiache kwenye otomatiki, la sivyo kila picha itatoka na rangi yake. Taa za manjano zizime kama mwanga wa dirisha unatosha. Halafu zima pangaboi na usubiri. Niliwahi kupiga chumba chenye samadari nzuri sana, pangaboi likizunguka polepole juu yake. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona kitu. Nilipozishona nyumbani, chandarua kilikuwa na kingo tatu, kama vyandarua vitatu vimetundikwa pamoja, na hakuna programu iliyoniokoa. Nilirudi kupiga upya. Tangu hapo chandarua nakifunga fundo kabla sijafungua stendi.

Na mwenyeji akikuruhusu kuchagua saa, nenda jua likishakuchwa, kabla giza halijaingia. Mwanga wa nje unashuka dakika kwa dakika hadi unakaribiana na wa taa za ndani, na hapo taa ziwashe. Huenda RAW moja tu ikatosha, ukainua vivuli kwenye RawTherapee, ambayo nayo ni huria, usihitaji kushona chochote.