Muulize Fundi: Bomba la moto linakohoa

SWALI: Fundi, shikamoo. Nyumba yetu Upanga ni ya zamani. Maji yalikatika, tangi la darini likakauka. Sasa yamerudi, koki ya baridi iko sawa, ya moto inakohoa tu. Ninunue hita mpya?
Mama Rehema

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue kitu! Hewa imenasa bombani, na tangi lililo mita 2 juu ya koki lina msukumo wa bar 0.2 tu (bar ni kipimo cha msukumo), mdogo mno kuisukuma itoke. Zima hita kwenye swichi. Ikiwaka tupu, elementi (chuma cha ndani kinachopasha maji) inaungua. Siku maji ya mtaani yanapotoka, unganisha mpira kutoka koki ya jikoni inayopokea moja kwa moja (siyo ya tangi, haitasaidia) hadi koki ya moto. Fungua zote mbili kidogo, hewa irudi juu, kisha ondoa mpira. Bado dhaifu? Mabomba ya chuma yameziba kutu.