Spesho ya batani moja: dogo kakuonea au kakuzidi?

SWALI: Kaka mambo vipi, mimi nipo Mbagala Rangi Tatu, nacheza gemu ya kupigana ya Street Fighter toka niko shule ya msingi, hadouken, ule moto wa kurusha, nimejifunzia bandani mpaka kidole gumba kikaota sugu, yaani chini, kona, mbele, ngumi, unarudia hata mara mia. Sasa banda letu wameweka Street Fighter 6, kaja dogo wa darasa la sita kachagua kontroli za Modern, zile zilizorahisishwa, anabonyeza batani moja moto huo, nikiruka ananipokea na shoryuken, ile ngumi ya kupaa juu, kila saa na hakosei hata siku moja. Kwanini wamebadilisha? Si wametudhulumu sisi tuliohangaika?

JIBU: Mdogo wangu, uchungu wako naupata kabisa ila kwenye kudhulumiwa sikuungi mkono. Hizo batani sita za kupiga unazozitumia wewe nazo zilikuja kama marekebisho, maana Street Fighter ya kwanza ya 1987 kuna mashine zake zilikuwa na vibao viwili vikubwa vya kugonga kwa mkono, ukigonga kwa nguvu na mtu wako anapiga kwa nguvu, batani sita zikaja baadaye. Na Smash Bros, gemu ya kupigana ya Nintendo, toka 1999 spesho, yaani mapigo maalum kama hadouken, ni batani moja na upande tu, mabingwa wake wanatoana jasho mpaka leo.

Halafu dogo hajapewa bure. Spesho akiitoa kwa mkato wa batani moja, damage, yaani uhai anaokukata, inapungua asilimia 20, yaani pale wewe unapokata 1000 yeye anapata 800, na ana batani tatu za kupiga badala ya sita kwa hiyo kuna mapigo ya kawaida unayo wewe yeye hana kabisa. Akitaka damage kamili azungushe mwenyewe kama wewe.

Ila kwenye shoryuken hapo niko upande wako. Wewe ukimuona mtu karuka lazima uone, uamue, halafu kidole kipite mbele, chini, kona, ndio upige, na gemu inakimbia fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, huo mzunguko unakula fremu zako. Dogo akiwa na mpiganaji Ryu anasukuma mbele na batani basi, kaokoa muda wote huo, na muda kwenye gemu ya kupigana una thamani kuliko damage, kwa hiyo kwangu asilimia 20 haiilipi ile shoryuken. Ningekuwa mimi natengeneza, moto wa batani moja ningeuacha kama ulivyo lakini shoryuken ya mkato ningeichelewesha fremu mbili tatu kutoka, ili aliyejifunza mkono abaki na kitu chake.

Kuitoa Modern kabisa hapana. Mshkaji wangu wa Buguruni alivunjika kidole gumba kwenye bodaboda, hakikunyooka tena, gemu akaacha kabisa, akawa anakuja kukaa nyuma yetu anaangalia tu. Modern ndio imemrudisha kwenye pedi na sasa hivi ananifunga, na ananifunga kwa kunisoma, kidole kile kile kibovu.

Sasa dawa ya dogo: acha kuruka! Anakupokea kwa sababu unamletea. Mfuate kwa miguu, simama pale anapodhani utaruka, umuache aitoe yeye, ukizuia shoryuken anashuka yuko wazi kabisa, hapo shusha kombo yako, yaani mapigo ya mfululizo, ndefu kuliko zote na ile damage yako isiyokatwa utaiona kazi yake.

SWALI: Habari kaka, dada yako wa Tabata. Mie tangu tununue TV kubwa nachelewa kila kitu, mtu akiruka nikijibu keshanipiga, nihamie Modern?

JIBU: Nzuri dada. Subiri kwanza, anza na TV. Flati nyingi zinaipamba picha kabla ya kukuonyesha, kwa hiyo unachokiona kimeshapita. Ingia kwenye setingi za picha uwashe modi ya gemu, halafu nenda chumba cha mazoezi, weka yule wa kompyuta awe anaruka tu na wewe umpokee. Ukiwa bado unachelewa washa ile orodha ya mishale unayobonyeza, uangalie kidole kinakwama wapi. Kikiwa kinakwama kwenye kona kila mara, hamia Modern bila aibu.